Majivu, Utupa na Pareto: Habari za Ulinzi wa Bustani ya Mboga

Inapotajwa habari ya utamaduni wa Taifa, fikra za wengi wetu hukimbilia ngoma, mavazi, mashairi na masimulizi ya kale. Wizara ya kwanza ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa Desemba 1962, mkazo mkubwa uliwekwa juu ya ngoma na nyimbo ambazo ukoloni ulitufanya tuzionee haya. Na kwa hakika ilistahili kuwa hivyo. Lakini jinsi watu wanavyoipata mboga ya kulia ugali wao, na jinsi wanavyoilinda mboga hiyo isiliwe na wadudu kabla haijafika chunguni, nalo ni jambo la utamaduni. Lina maarifa yake, lina lugha yake, na lina historia yake ambayo ni nadra kuandikwa.

Tuanze na lugha. Neno dawa katika Kiswahili ni pana mno. Dawa humponya mgonjwa, dawa hulikinga shamba, na dawa ya moto, wasemavyo wahenga, ni moto. Neno hilo hilo ndilo tulilolibandika juu ya kopo la sumu lililotoka kiwandani. Mkulima akiulizwa anafanya nini na bomba lake mgongoni, hujibu kwamba anapiga dawa nyanya zake. Neno kiuatilifu, lenye maana ya kitu kinachoua viharibifu, limekuja baadaye, nalo hata leo hukaa zaidi kwenye karatasi za ofisini kuliko vinywani mwa watu. Nani aogope dawa? Sisi tunaamini kwamba sehemu kubwa ya madhara yaliyowapata wakulima wa mboga wa nchi hii yalipita katika mlango wa neno hilo moja. Historia tunayokusudia kuieleza ni ya jinsi bustani ilivyotoka katika kufukuza ikaingia katika kuua, na jinsi inavyojaribu kurejea.

Bustani ya mboga ya zamani haikuwa mbali na nyumba. Aghalabu ilikuwa nyuma ya jiko, mahali palipotupwa majivu na kumwagwa maji ya kuoshea vyombo. Humo mliota mchicha, mnavu, mgagani, kunde, bamia na maboga, vyote vikiwa vimechanganyika hata mgeni akadhani ni kichaka. Mchanganyiko huo haukuwa uvivu. Mdudu hulitafuta jani lake kwa harufu na kwa macho. Akikuta harufu kumi mahali pamoja hupotea njia, na akiishambulia mimea miwili hukuta wa tatu si chakula chake. Bustani yenye kabichi tupu, mistari mia iliyonyooka, humwita mdudu kwa karamu.

Majivu ndiyo yaliyokuwa silaha ya kwanza, kwa kuwa kila jiko lilikuwa nayo. Yalinyunyizwa asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, ili yashike juu ya majani. Chembe zake huikwaruza ngozi laini ya kiwavi na kidukari, hufyonza unyevu wa mwili wake, na hulifanya jani lisilike. Yakizungushiwa shina la mche mchanga, sota na konokono hupita mbali. Ubaya wake ni kwamba mvua moja huyaondoa yote, na kazi huanza upya. Viwavi wakubwa waliokotwa kwa mkono, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa ya watoto, wakatupiwa kuku. Ama mgagani, watafiti wa siku hizi wamegundua kwamba harufu yake huwafukuza utitiri na hata kupe. Bibi zetu, wasiojua jina la kemikali yoyote, waliuacha uote katikati ya mboga nyingine.

Utakuta hapa kwamba maneno yanayotumika ni kufukuza, kuzuia, kuchanganya, kuokota. Ni maneno ya jirani mgomvi, si ya vita. Aliyelima bustani ile hakutarajia kuona jani lisilo na tundu hata moja. Alitarajia mboga itoshe yeye na wanawe, na kidogo kiende kwa mdudu. Bustani hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake, na hilo ndilo lililofanya maarifa yake yasitazamwe kama maarifa. Kilimanjaro, katika vihamba ambamo migomba, kahawa, magimbi, maharage na mboga hukaa ghorofa juu ya ghorofa, mpango huo umedumu kwa vizazi vingi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mwaka 2011, katika eneo la Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Sifa hiyo tunaipokea kwa furaha, ingawa akina mama wa kihambani hawakuingoja.

Pwani na Visiwani uko mfano ambao hatuwezi kuuacha, ijapokuwa unatutoa kidogo bustanini na kutupeleka mnazini. Yuko siafu mwekundu wa mitini ambaye Waswahili humwita majimoto, kwa jinsi anavyounguza anapouma. Hushona majani kwa nyuzi za watoto wake mwenyewe akafanya kiota. Mkwezi humchukia kwa dhati. Lakini mnazi wenye majimoto wengi hushika vidaka vyake, na mnazi usio nao aghalabu hudondosha vidaka kabla havijawa dafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa Kiingereza, M. J. Way, aliichunguza habari hiyo Unguja, akathibitisha kwamba majimoto humwinda mdudu mmoja mfyonzaji anayekidunga kidaka. Mdudu huyo akapewa jina la kisayansi la kumkumbuka mtaalamu huyo. Tungependa jina lingemkumbuka mkwezi, aliyeumwa miaka yote hiyo. Liwalo lote, Waswahili walikuwa tayari wamempa mlinzi jina lake, na jambo lililopewa jina ni jambo lililotazamwa.

Wako wenzetu wanaopenda kusema kwamba maarifa hayo yote ni ya asili, hayakuchanganyika na kitu cha mgeni. Hapo sisi hatukubaliani nao. Mwarobaini, uliopewa jina hilo kwa kuwa ati hutibu maradhi arobaini, ulivuka bahari kutoka Bara Hindi. Pilipili na tumbaku zilitoka Amerika, na vivyo hivyo bangi mwitu, mmea wenye harufu kali ambao mizizi yake huwadhoofisha minyoo ya ardhini. Watu waliipokea mimea hiyo, wakaijaribu, wakabakiza ifaayo. Huo ndio utamaduni ulio hai. Utupa ndio mmea wa Afrika hasa: kichaka chenye maua meupe au ya zambarau, ambacho majani yake yakipondwa na kutiwa mtoni samaki huelea juu wakiwa wamelegea. Mmea uwezao kumlegeza samaki huweza kumlegeza na kidukari. Ndiyo maana ulipandwa pembezoni mwa mashamba, na maji ya majani yake yakanyunyizwa juu ya mboga. Nao ni sumu, tusidanganyane. Anayeutumia karibu na kijito huua kitoweo cha majirani wa chini.

Ukoloni ulipokuja ulileta vituo vya utafiti. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya biolojia na kilimo huko Amani, Usambara, mwaka 1902. Kazi yake kubwa ilikuwa mimea ya kuuzwa ng'ambo, na desturi hiyo iliendelea chini ya Waingereza: mkonge ulikuwa na wataalamu wake, pamba ilikuwa na wake, kahawa ilikuwa na wake. Mchicha haukuwa na ofisa. Sisi tuliofanya kazi katika ofisi za Serikali tunajua kwamba jambo lisilo na jalada huhesabiwa kuwa halipo. Na bustani ya nyuma ya jiko haikuwa na jalada. Kwa hiyo ulinzi wa mimea uliofundishwa ulikuwa ulinzi wa kahawa na pamba. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda chama chao mwaka 1925, mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kupambana na wadudu na magonjwa ya mikahawa, na bomba la kupulizia likawa chombo cha maendeleo na cha heshima. Mrututu ukaipaka mikahawa rangi ya buluu, nao ukadondokea maharage na mnavu vilivyokuwa chini yake.

Habari ya pareto yafaa itazamwe kwa kituo. Ua hili jeupe lenye kiini cha manjano lilitoka pwani ya Dalmatia, likaingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 na Tanganyika katika miaka ya 1930, likastawi katika nyanda za juu zenye baridi: Mbeya, Iringa, Njombe, na miteremko ya Kaskazini. Maua yake yakivunwa yakiwa yamefunguka, yakakaushwa na kusagwa, unga wake humwangusha mdudu mara moja. Nao huvunjika upesi katika mwanga wa jua, hata mboga iliyonyunyizwa jioni isikae na sumu siku nyingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliihitaji mno ili kujikinga na mbu na chawa. Mkulima wa Kiafrika aliichuma, akaikausha, akaipima, akaiuza. Katika bustani yake mwenyewe hakufundishwa kuitumia. Pareto ilikuwa zao, haikuwa maarifa; iliondoka ikiwa katika magunia, na ikirudi ilirudi katika makopo yenye maandishi ya kigeni. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, walitengeneza permethrini, kemikali ya kiwandani iliyoigizwa kutoka kwenye sumu ya ua hilo lakini isiyovunjwa upesi na jua. Viigizo vya namna hiyo vikalipunguzia ua lenyewe soko. Hata hivyo Tanzania ya leo ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kulima pareto, na bado ni wachache sana kati ya wakulima wa mboga wanaojua kwamba kiganja cha maua makavu, maji na sabuni kidogo vyatosha kuokoa tuta la kabichi lililoingiwa na vidukari.

Wakati huo huo wa vita ndipo ilipotokea DDT. Mswisi Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Mwaka 1945 Waingereza waliunda kikosi cha utafiti wa viuatilifu vya makoloni huko Entebbe, Uganda, ambacho baadaye kilihamishiwa Arusha. Kikosi hicho ndicho kilichozaa taasisi yetu ya utafiti wa viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika, na ambayo kazi zake zimeingizwa katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa sheria ya mwaka 2020. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mboga ndiyo iliyotoa onyo la mapema. Nondo mdogo wa kabichi, ambaye mwanawe hutoboa majani hata yakawa kama chekecheo, alionekana huko Java mwaka 1953 akiwa ameizoea DDT na hafi tena. Onyo hilo halikufika bustanini kwetu.

Sisi wa rika lililosoma shule za msingi baada ya Azimio la Arusha tulilima bustani za shule kwa ajili ya Elimu ya Kujitegemea, na hatuionei haya jembe. Tulifundishwa kupanda kwa mistari, kutia samadi na kumwagilia jioni. Lakini unga mweupe uliitwa dawa, ukanyunyizwa kwa kopo lililotobolewa matundu, kwa mikono mitupu, na majivu yakaitwa mambo ya kishamba. Hakuna aliyetudharau kwa makusudi. Walimu wetu walikuwa wakitupa kilicho bora kwa kadiri walivyofundishwa wao, na Taifa changa lililotaka kujilisha lilikuwa na haraka.

Haraka hiyo ikakutana na soko. Miji ilipokua, nyanya na kabichi zikawa fedha, na mnunuzi wa mjini akataka jani lisilo na tundu. Mkulima akapiga dawa kila juma, kisha mara mbili kwa juma, kisha akachanganya makopo mawili au matatu katika bomba moja. Utafiti juu ya wakulima wadogo wa mboga wa Kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kiasi cha theluthi moja walichanganya viuatilifu, na kwamba asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupulizia. Huko Vikuge, karibu na Kibaha, shehena ya viuatilifu iliyoletwa kama msaada mwaka 1986, mingine ikiwa imekwisha muda wake, ilihifadhiwa katika banda lililoanguka, na udongo wa mahali pale ukabaki na sumu miaka mingi. Msaada huo nao uliitwa dawa.

Mambo yalianza kugeuka kwanza nje ya nchi yetu. Mwaka 1959, nzige walipoivamia Sudani, mtaalamu wa Kijerumani Heinrich Schmutterer aliona kwamba waliitafuna miti yote wakauacha mwarobaini. Miaka mitatu baadaye Mmarekani Rachel Carson alichapisha kitabu chake juu ya madhara ya DDT, na dunia ikaanza kusikiliza. Mwaka 1968 wanakemia waliitenga ile kemikali chungu ya mwarobaini iitwayo azadiraktini. Haimwangushi mdudu papo hapo; humwondolea hamu ya kula na humzuia kujivua gamba, akafa taratibu bila kuzaa. Kwa sababu hiyo mkulima aliyezoea kuona mizoga chini ya mche hudhani mwarobaini haufanyi kazi, akaurudia ule wa kopo siku ya pili. Hapa maarifa hayatoshi bila subira.

Kilichofuata chapasa kukumbukwa na kila mwenye dhamana ya utamaduni. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa kampuni moja ya Marekani, pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, haki ya kumiliki njia ya kuzuia ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Wahindi walipinga, wakaleta ushahidi kwamba wakulima wao walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Wahindi walishinda kwa sababu walikuwa na mashahidi na maandishi. Je, angetokea mtu wa kudai utupa au majivu, sisi tungemwonyesha jalada gani? Usiache mbachao kwa msala upitao, wasema wahenga. Lakini mbacha usiojulikana ni wa nani huchukuliwa na yeyote apitaye.

Habari njema ni kwamba wataalamu wetu wenyewe wamelifungua jalada hilo. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha, pamoja na wenzao wa ng'ambo, waliyajaribu maji ya utupa, ya alizeti mwitu na ya mimea mingine katika mashamba ya maharage, wakachapisha mwaka 2015 kwamba wadudu waharibifu walipungua huku buibui na wadudu rafiki wakisalimika zaidi kuliko palipopigwa kiuatilifu cha kiwandani. Mapema miaka ya 2000 taasisi ya Nairobi ya elimu ya wadudu, iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ilimleta kutoka Taiwan nyigu mdogo ambaye hutaga yai ndani ya kiwavi cha yule nondo wa kabichi. Majimoto amepata ndugu.

Wala si kila jambo la wazee hufaa kila mahali. Huko Malawi iligunduliwa, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2012, kwamba baadhi ya utupa uliogawiwa wakulima ulikuwa wa aina isiyo na sumu yoyote: majani yale yale, maua yale yale, lakini maji yake hayamdhuru mdudu. Wakulima waliupanda, wakaupulizia, wakakosa, wakasema mimea ya asili ni uongo. Mvuvi wa zamani asingekosea, maana kabla ya kuchukua mbegu aliona kwanza kama samaki wameelea. Tumbaku nayo ina hatari mbili: maji yake humdhuru anayeyashika, na huweza kuipelekea minyanya ugonjwa wa virusi kwa kuwa mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja.

Leo kilimo cha namna hii kina jina lake, kilimohai, na nchi za Afrika Mashariki zina alama moja ya pamoja yenye jina hilo tangu mwaka 2007. Mwaka 2023 Serikali ilizindua mkakati wa Taifa wa kilimo hai cha ikolojia. Vema. Lakini mtihani mkubwa ulikwisha kufika mwaka 2014, alipoingia nchini kutoka Amerika ya Kusini, kwa kupitia nchi nyingi, nondo wa nyanya ambaye mwanawe hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda lenyewe. Wakulima walipoteza mashamba mazima. Wakampa jina la kanitangaze, kwa kuwa aliyetembelewa naye hana la kuficha mbele ya jirani. Majivu hayamfikii alipojificha, na viuatilifu vingi ameshavizoea. Wanaomudu kuishi naye hutega beseni la maji ya sabuni chini ya kivutio chenye harufu ya nondo jike, hufunika kitalu kwa wavu mwembamba, hupanda mahindi au kunde mahali palipokuwa na nyanya msimu uliopita, na jioni, watoto wakitoka shule, huokota matunda yaliyotobolewa, moja baada ya jingine, wakayafunga katika mfuko wa plastiki na kuuacha juani siku kadhaa kabla ya kuyazika.